Mgeni wa siku ya tatu: historia ya Fort Morgan, Colorado

Mjomba wangu aliendesha lori miaka mingi kwenye barabara ya I-76, kutoka Denver kwenda Nebraska na kurudi. Kila nilipomuuliza kuhusu miji ya njiani alinijibu vilevile: "Mwanangu, huko hakuna kitu. Ni ng'ombe na upepo tu." Tulipozungumza kwenye podikasti kuhusu wazazi wetu na kazi zao za kwanza Marekani, nikarudia maneno yake na sote tukacheka.

Baadaye nikaanza kujiuliza. Mji wa watu wasiozidi 12,000 katikati ya nyasi kavu, halafu unaingia dukani kununua maji na nyuma yako akina mama wawili wanabishana bei ya mchele kwa Kiswahili cha Kenya. Hilo lilinitokea Fort Morgan. Mmoja wao alinigeukia akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nilimtajia baba, nikamtajia na mji wetu wa nyumbani ambao mimi nimeufika mara tatu tu maishani. Akanitazama, akasema, "Ah, basi wewe ni wa hapa." Yeye alikuwa na miaka minane hapa. Mimi nimezaliwa Denver.

Sijui kama ilikuwa sifa au lawama. Lakini ndilo swali lililonifanya niisome historia ya mji ule: hapa nani ni mgeni, na ugeni wake huisha lini? Wahenga walishatupa kipimo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fort Morgan ni mji ulioichukua methali hiyo neno kwa neno. Jembe ulilitoa. Kilichokuwa kigumu ni yale yanayofuata baada ya jembe.

Kwanza, ardhi yenyewe

Fort Morgan upo kama kilomita 130 kaskazini mashariki ya Denver, kusini mwa mto South Platte, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hizi ndizo Nyanda za Juu, zile tambarare kubwa zinazoanzia chini ya milima ya Rocky na kuteremka polepole kuelekea mashariki. Macho yakizoea milima ya Denver, ukifika huku unahisi kama mtu ameikunja ramani akaificha. Ni anga, nyasi, na maghala marefu ya nafaka ambayo unayaona dakika ishirini kabla hujayafikia.

Mvua ni haba. Kwa mwaka mzima haifiki milimita 400. Dodoma, ambayo wazee wetu wanaiita kavu, inapata zaidi. Sababu ni milima. Mawingu yanayotoka magharibi yanapanda Rocky, yanaangusha theluji na mvua huko juu, yakivuka upande huu hayana kitu. Ukishasimama Amboseli ukautazama Kilimanjaro unaelewa: mlima umejaa maji, wewe umesimama kwenye vumbi.

Kwa hiyo maji ya Fort Morgan hayatoki mawinguni moja kwa moja. Yanatoka kwenye theluji ya milimani inayoyeyuka na kushuka na mto. Shika hilo, maana kila kitu kinachofuata, yaani jeshi, ng'ombe, sukari, nyama, hata wale mama wawili dukani, kinaanzia kwenye ule mto.

Wenye nchi

Kabla ya yote, hii ilikuwa nchi ya Wacheyenne na Waarapaho, waliofuata makundi ya baisoni na kupiga kambi zao kando ya mito. Mwaka 1851, katika mkataba wa Fort Laramie, serikali ya Marekani yenyewe ilitambua kwamba eneo lote kati ya mto North Platte na mto Arkansas, mashariki ya milima, ni lao. Fort Morgan ya leo imo ndani ya eneo hilo.

Miaka saba baadaye, 1858, dhahabu ikaonekana karibu na palipo Denver sasa. Watu wakamiminika. Mwaka 1861 mkataba mwingine, uliosainiwa na machifu wachache tu, ukaibana ile nchi ikawa kipande kidogo kusini mashariki ya Colorado. Wengi wa watu wao hawakuukubali.

Tarehe 29 Novemba 1864, Kanali John Chivington aliongoza wanajeshi kuivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho kwenye kijito cha Sand Creek, zaidi ya kilomita 200 kusini mashariki ya Fort Morgan. Kambi ile ilikuwa imeambiwa iko salama. Chifu Black Kettle alikuwa amepandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake. Waliouawa wanakadiriwa kufika 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Habari zilipoenea, makabila yale yakalipiza kisasi kando ya South Platte. Januari 1865 waliushambulia mji mdogo wa Julesburg, na njia ya magari ya kukokotwa kwenda Denver ikawa haipitiki kwa usalama. Ni hapo ndipo jeshi likaamua kuweka kambi kwenye ukingo wa mto. Iliitwa Camp Tyler, halafu Camp Wardwell, na mwaka 1866 ikapewa jina la Kanali Christopher Morgan. Ndiyo Fort Morgan.

Kati ya wanajeshi wa kwanza kuletwa kwenye kambi zile za mpakani walikuwamo wafungwa wa vita: watu wa Kusini waliotekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaambiwa wachague kubaki gerezani au kuvaa sare ya Kaskazini na kupelekwa nyikani. Wakachagua nyika. Ina maana hata hao tunaowaita waanzilishi, wengine walifika kwa sababu mahali pengine pote palikuwa pameshafungwa. Hadithi hiyo wengi wetu tunaijua kutoka kwa wazazi.

Ngome haikudumu. Reli ya Union Pacific ilipopita kaskazini, njia ya magari ikapoteza kazi, na mwaka 1868 ngome ikafungwa. Mwaka uliofuata, Julai 1869, Wacheyenne walishindwa vitani huko Summit Springs, mashariki zaidi, na nguvu yao Colorado ikaisha. Walihamishiwa nchi nyingine, hasa Oklahoma ya leo. Wenzao wa kaskazini wako Montana, na Waarapaho wa kaskazini wako Wyoming. Leo Colorado ina hifadhi mbili tu za wenyeji wa asili, zote za Waute, kwenye kona ya kusini magharibi. Katika tambarare hizi hakuna hata moja.

Ng'ombe, na ujanja wa maji

Baisoni walipomalizwa, nyasi zikabaki. Hapo akaingia John Wesley Iliff, kijana wa Ohio aliyefika mwaka 1859 na wimbi la dhahabu. Hakupoteza muda kuchimba. Alikuwa mfanyabiashara, akawauzia wachimbaji vyakula, na kwa wasafiri akapata maksai waliochoka, wenye kwato zilizolika, akawaachia nyasi za South Platte. Wakirudi na afya, anawauza kwa faida. Baadaye akanunua makundi makubwa kutoka Texas kwa Charles Goodnight, akauza nyama kwa jeshi na kwa wajenzi wa reli.

Iliff alipofariki mwaka 1878 alikuwa na ng'ombe wanaotajwa kufika 35,000. Lakini ardhi yake kisheria ilikuwa ekari 15,000 hivi tu. Inawezekanaje? Alinunua vipande vidogo, moja baada ya kingine, kando ya mto na vijito, mahali pa kunyweshea. Nyasi za mbali zilikuwa za serikali, kila mtu ana ruhusa. Lakini ng'ombe wako atakula huko, halafu atakunywa wapi? Mwenye maji ana nchi, hata kama hana hati yake.

Na wachungaji wa ng'ombe hawa hawakuwa wote wale wazungu wa sinema. Walikuwamo Wamexico, waliowafundisha wengine kazi yenyewe, na walikuwamo watu weusi. Bose Ikard alizaliwa utumwani, akaja kuwa mtu ambaye Goodnight alimwamini kuliko wote katika safari za kutoka Texas hadi Colorado. Ndiye aliyekuwa akimshikia fedha njiani. Alipofariki mwaka 1929, Goodnight alimwekea jiwe la kaburi. Nilimtajia mjomba habari hii. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tuliwahi kupita hapo."

Enzi za ng'ombe kutembea huru zilikwisha haraka. Seng'enge ilipata hataza mwaka 1874, reli zikaleta wakulima, na baridi kali ya 1886 na 1887 iliua mifugo isiyohesabika katika tambarare zote.

Tarehe yako ni ipi?

Mji wenyewe ulipimwa viwanja mwaka 1884 na Abner Baker, aliyekuja Colorado mwaka 1870 na walowezi wa Greeley. Alichokileta hapa ni mfereji. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ukachimbwa mfereji wa kutoa maji mtoni na kuyapeleka shambani, na reli ya Burlington ikapita hapohapo. Mwaka 1887 Fort Morgan ukawa mji rasmi, na 1889 ukawa makao ya wilaya mpya ya Morgan.

Sasa kuna sheria moja lazima uielewe, maana inaendesha maisha huku mpaka leo. Katiba ya Colorado ya mwaka 1876 inasema aliyetangulia kuyachepusha maji na kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza. Haijalishi nani yuko karibu na mto. Kila mfereji una tarehe yake. Wewe ukiwa na tarehe ya 1882 na jirani yako ya 1890, mwaka wa ukame wewe unamwagilia, yeye anafungiwa lango la mfereji na kutazama mahindi yake yakinyauka. Hata kama ni ndugu yako.

Nilipoisoma sheria hii mara ya kwanza niliipenda. Ni ya haki, si ndiyo? Wa kwanza ni wa kwanza. Halafu nikajiuliza: tarehe ya Wacheyenne ni ipi? Hawana. Kunywa maji ya mto, kunywesha farasi wako, kuhama na kurudi kila mwaka, hayo hayakuhesabiwa kuwa matumizi. Saa ya haki ilianza kuhesabu baada ya wenyewe kuondolewa.

Ndiyo maana naogopa kidogo mtu akiniambia, "sisi tulitangulia." Kila anayesema hivyo amechagua mwenyewe mahali pa kuanzia kuhesabu.

Sukari na jembe fupi

Mwaka 1906 kampuni ya Great Western Sugar ikafungua kiwanda Fort Morgan. Sukari yenyewe haikutoka kwenye miwa. Ilitoka kwenye viazisukari, mizizi mikubwa myeupe, ndugu wa bitiruti. Kiwanda kile bado kinafanya kazi, siku hizi chini ya ushirika wa wakulima, na msimu wa mavuno harufu yake inakupokea kabla ya bango la mji.

Viazisukari ni zao la mgongo. Mbegu za zamani zilikuwa kama kishada: ukipanda moja inachipuka miche kadhaa pamoja. Lazima mtu ainame mstari mzima na jembe fupi, apunguze, abakize mche mmoja kila mahali. Kisha palizi. Kisha kuvuna kwenye baridi, kuutwaa kila mzizi kwa mkono na kuukata majani kwa kisu. Wenye mashamba hawakuitaka kazi hiyo. Wakatafuta wageni.

Wa kwanza kwa wingi walikuwa Wajerumani wa Urusi. Mababu zao walialikwa na malkia Catherine wa Pili mwaka 1763 kulima kando ya mto Volga, wakaahidiwa wataishi kwa lugha na dini yao bila kuingizwa jeshini. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1874, ahadi ya jeshi ikavunjwa, wakaanza kuhama. Yaani walifika Colorado wakiwa tayari ni wageni mara mbili. Urusi waliitwa Wajerumani, Marekani wakaitwa Warusi. Kuna mtu kati yetu asiyeijua hali hiyo? Nairobi unaitwa Mmarekani, Denver unaulizwa unatoka wapi.

Walifanya kazi kwa mkataba wa ekari, familia nzima, mpaka watoto. Mwaka 1915 mpiga picha Lewis Hine alipita kwenye mashamba ya viazisukari ya Colorado akapiga picha za watoto wadogo wenye visu mikononi, wakati wenzao wako darasani. Ukiziona picha zile utakaa kimya. Lakini wengi wa Wajerumani hawa walipanda ngazi: kutoka vibarua wakawa wapangaji wa mashamba, kisha wenye mashamba. Majina yao leo ndiyo majina ya wenyeji.

Nao walipopanda, jembe likapokelewa na Wamexico na watu wenye asili ya Mexico kutoka New Mexico na Texas. Kwao ngazi ilikuwa imetolewa vipande. Miaka ya 1920 Ku Klux Klan ilikuwa na nguvu kubwa Colorado. Gavana aliyechaguliwa mwaka 1924, Clarence Morley, alikuwa mtu wao. Na kazi zilipokauka katika mdororo mkuu, Aprili 1936 Gavana Edwin Johnson akatuma askari kuufunga mpaka wa kusini wa jimbo ili kuwazuia vibarua hao. Kumbuka, mpaka wenyewe ni wa New Mexico. Waliorudishwa walikuwamo raia wa Marekani. Leo karibu nusu ya wakazi wa Fort Morgan wana asili ya Kihispania, wengi familia zao ziko hapa tangu enzi za jembe fupi, na bado wanaulizwa walifika lini.

Nyama, na sisi

Kutoka sukari hadi nyama ni hatua fupi. Maji ya mfereji yanakuza mahindi. Kiwanda cha sukari kinabakiza makapi. Vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo mazizi makubwa ya kunenepeshea ng'ombe yakaenea kandokando. Zamani ng'ombe walipakiwa kwenye treni hadi Chicago kuchinjwa, lakini tangu miaka ya 1960 machinjio yalihamia huku walipo ng'ombe, na mwaka 1971 mazizi maarufu ya Chicago yakafungwa. Kiwanda cha nyama cha Cargill ndicho mwajiri mkubwa wa Fort Morgan, chenye wafanyakazi wapatao 2,000.

Kazi ya kiwanda cha nyama ni jembe fupi la zama hizi: baridi, kisu, mwendo wa mnyororo usiokusubiri, mabega yanayouma usiku. Tarehe 12 Desemba 2006 maofisa wa uhamiaji walivamia viwanda sita vya kampuni nyingine, kimoja Greeley, magharibi ya hapa, wakakamata watu karibu 1,300. Baada ya hapo, mtu mwenye karatasi halali za kazi akawa lulu. Na nani ana karatasi halali na yuko tayari kwa kazi hiyo? Mkimbizi.

Ndivyo walivyofika Wasomali, wengi wao baada ya miaka mingi katika kambi za Kenya kama Dadaab, na ndiyo sababu ya Kiswahili kile dukani. Watoto waliosoma shule za kambini walikuja nacho kama sisi tulivyokipata jikoni kwa mama.

Desemba 2015 wafanyakazi Waislamu zaidi ya 100 wa kiwanda cha Fort Morgan walipoteza kazi baada ya mgogoro kuhusu muda wa kusali. Kampuni ilikana kuvunja sheria. Mwaka 2018, katika suluhu iliyosimamiwa na tume ya shirikisho ya usawa kazini, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kwa wafanyakazi 138. Nikilinganisha na yaliyotangulia naona tofauti moja. Wacheyenne walikuwa na mkataba, ukapuuzwa. Vibarua wa 1936 walikuwa na uraia, haukuwasaidia mpakani. Hawa walikwenda kwenye tume, na tume ikawasikiliza. Hiyo ni tarehe, imeandikwa.

Jina kwenye jiwe

Kabla ya kurudi Denver nilipita makaburini. Wapenzi wa hadithi za kisayansi huja hapa kutoka mbali, kwa sababu ndipo alipozikwa mwandishi Philip K. Dick. Yeye hakuwa mtu wa Fort Morgan, alizaliwa Chicago. Lakini alikuwa pacha, na dada yake Jane alifariki akiwa mchanga, Januari 1929, akazikwa hapa. Wazazi wakachonga majina yote mawili kwenye jiwe moja, lake wakaliachia nafasi ya tarehe ya kifo. Jiwe lilimngoja miaka 53. Mwaka 1982 akaletwa kutoka California, akalazwa kando ya dada yake.

Niliwaza nyumbani kwetu. Baba na mama wamekuwa wakichanga kwenye chama kwa miaka mingi ili wakifa miili isafirishwe nyumbani. Hatujawahi kukaa tukaulizana: halafu sisi watoto tutazikwa wapi? Kwa wazee, nyumbani ni palipo na makaburi yenu. Kwa kipimo hicho mimi nina miaka thelathini na ushei hapa na bado niko siku ya pili.

Nilipofika nilimpigia mjomba simu. Nikamwambia kule hakuna ng'ombe na upepo tu, kuna Wacheyenne, kuna Bose Ikard, kuna Wajerumani walioitwa Warusi, kuna mtoto mwenye kisu kwenye picha ya 1915. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunieleza: kabla ya lori, miezi yake minne ya kwanza Marekani aliifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, huko huko tambarare. "Sikutaka mjue," alisema. "Mikono ilikuwa haifungi."

Nikamuuliza mwaka gani. Akanitajia, nikauandika.